Wiki Mbuzi Wote Walipozaa

Bei ya kahawa ilipoanguka, tuliungana akina mama saba wa Kilema tukaanza kufuga mbuzi wa maziwa. Banda lilijengwa kihambani kwangu, kwenye migomba ya nyumbani. Nilikuwa mjane, hakukuwa na mwanamume wa kukataa. Hakuna aliyeisema sababu hiyo, lakini niliijua.

Daktari wa mifugo alipanda kutoka Moshi mjini akatueleza kwamba mbuzi wakipandwa kila mmoja kwa wakati wake, maziwa yatakuwa ya kubahatisha. Angewawekea ukeni sponji ndogo zenye homoni, zikae karibu wiki mbili, kisha azitoe na kuwachoma sindano. Wote wangeingia joto, yaani kutaka dume, pamoja. Mama mkwe wangu alikuwa pembeni anachambua maharage. Akauliza, "Na wakizaa pamoja, atawazalisha nani?"

Tulicheka, na mimi nikiwamo.

Ikawa kama daktari alivyosema. Siku mbili baada ya sponji kutolewa, banda zima lilikuwa makelele, na mabeberu wawili tuliowaazima kutoka Mwika walichoka kabla ya jioni. Mbuzi wote kumi walishika mimba.

Miezi mitano baadaye, katikati ya masika, walianza kuzaa Jumatatu asubuhi. Kufikia Jumatano walikuwa wamezaa wanane. Mwenzangu mmoja alikuwa msibani, mwingine anauguza, wengine wanapanda mahindi bondeni. Zote zilikuwa sababu za kweli, ndiyo maana sikuweza hata kukasirika. Nilikamua, nilifuta vitoto, nilishuka hadi tambarare kukata majani, nikarudi na mzigo kichwani nikimkuta mwingine amelala chini anasukuma.

Wa tisa alikwama. Mkono wangu haukupita. Mama mkwe alivua kanga ya mabegani, akapiga magoti kwenye matope, akaingiza mkono wake mwembamba. Kitoto kilitoka kimekufa, mama yake akapona.

"Kaa chini, mwanangu," aliniambia. "Tangu tumzike mume wako sijakuona umekaa."

Nilikaa pale pale kwenye majani machafu. Sikulia. Nilikuwa nimechoka mno.

Jumapili, wote wakiwa wameshazaa, baada ya misa mama mkwe ndiye aliyewaambia wenzangu kila mmoja aje achukue mbuzi wake. Walinitazama, wakingoja nikatae. Nilishika njia ya nyumbani. Walikuja na kamba mchana ule ule, wakaniachia wawili wangu.