Chupa Nzima ya Bibi Mahfudha

Usiku ule Léoncie hakulala. Alikaa na simu mkononi, akisubiri Chanelle apige kutoka hospitali. Mume wa Chanelle, karani Melchior, jirani ya Léoncie mtaani Kanyosha, alikuwa amebebwa jioni hajitambui. Melchior ana kisukari. Na juisi aliyokuwa akinywa kila siku, ile iliyoandikwa haina sukari, ni Léoncie aliyemuuzia.

Alfajiri simu ikalia.

"Amefungua macho," Chanelle akasema. "Lakini sukari ilipanda vibaya. Docteur anauliza amebadilisha chakula gani. Nikamwambia ni juisi tu, jirani."

Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. Léoncie akatia chupa moja ya juisi kwenye mfuko, akaenda mtaa wa Asiatique kwa Himid anayeitengeneza. Wauzaji walikuwa wamepanga foleni mbele ya mlango wa chuma. Yeye akapitia uani.

Himid alimsikiliza, kisha akamwonyesha gunia la unga mweupe wanaoutia badala ya sukari.

"Soma mwenyewe, mama. Sans sucre, haina sukari. Kampuni ya ng'ambo inayotuuzia ndiyo imeandika, si mi. Na kila mara naonja mbele yenu kabla sijawapa."

Hapo hakudanganya. Burundi anayekupa kinywaji hukionja kwanza, ujue hakina sumu, na Léoncie hakuwahi kutaka uthibitisho mwingine.

"Funda moja linaonyesha sumu," akasema Bibi Mahfudha, mama yake Himid, aliyekuwa amekaa pembeni. "Sukari halionyeshi."

Akatoa kipimo chake cha sukari, akajitoboa kidole, akasoma namba. Halafu akamnyooshea Léoncie mkono.

"Lete hiyo chupa, mwanangu."

"Mama, apana," Himid akasema. "We pia una kisukari."

"Ndiyo maana nainywa mi. We mwenye afya ya ng'ombe, ukinywa utatuonyesha nini?"

Akanywa yote, taratibu, hadi tone la mwisho. Léoncie alitaka kumpokonya lakini bibi akamzuia kwa kiwiko. Alikuwa amekuja kugombana na matajiri, na sasa mama wa tajiri alikuwa anautia mwili wake hatarini kwa ajili ya karani asiyemjua hata sura.

Wakangoja karibu saa nzima. Nje wauzaji walianza kugonga. Paji la uso la bibi lilitoka jasho. Alipojitoboa tena, namba ilikuwa imekaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Akamwonyesha mwanawe, akameza dawa yake.

"Wametuuzia uongo kwenye gunia," Himid akasema.

"Hao tutawadai," bibi akasema. "Na kwenye chupa kuna jina la nani?"

Himid akaitazama chupa tupu. "Letu."

"Basi mgonjwa ni wetu, na hospitali ni juu yetu."

Léoncie akapiga magoti, akaanza kumpepea bibi kwa ncha ya kitenge chake.

Himid akaenda mlangoni na funguo mkononi. Akasimama. Kisha akazitia mfukoni, akapaza sauti ili wa nje wamsikie:

"Leo hatuuzi. Chupa mlizonazo zirudisheni zote, hata zilizofunguliwa."

Waliendelea kugonga kwa muda. Mlango haukufunguliwa.