Ngumi Zinapogongana

Mama anayepanga ratiba ya kundi linaloimbia miungu opera siku zao za kuzaliwa, ghorofani pale Yau Ma Tei, Hong Kong, husema "siku zimegongana" kwa mikono pia. Hukunja ngumi mbili na kuzigusanisha taratibu, kana kwamba anabisha hodi ndotoni, ingawa wa upande wa pili wa simu hamwoni. Suet-ying, fundi wa mavazi, huzitazama zikikutana huku feni ikipeperusha mikono mirefu ya mavazi ya hariri yaliyotundikwa juu ya vichwa vyao.

"Mzee, zimegongana. Mungu wenu na wa kijiji cha Tai O wamezaliwa siku moja."

"Basi mwambie wa Tai O ahamishe bethidei!" mzee hujibu simuni.

"Huyo? Hapokei simu."

Alasiri hii mwana wa mama huyo alipiga simu. Sauti ya spika ya simu ilifika hadi kwenye cherehani ya Suet-ying: "Mama, Jumanne twende tukayaone yale makao ya kutunzia wazee. Kuangalia tu."

Jumanne kundi zima linapumzika.

"Jumanne? Lo, imegongana, mwanangu," alisema, kwa upole uleule. Ngumi moja ikapanda, ikaelea hewani ikingoja mwenzake. Mkono wa pili ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa meza.