Kwenda Tukuyu Kuuza Vita

Nilikwenda Tukuyu kwa sababu Dar es Salaam walikuwa wamenikatalia. Mimi nina duka la steshenari hapa Dodoma, nachapa barua na ripoti za watu, na wateja wakipungua naandika vitu vyangu. Ndivyo nilivyomaliza mswada wa filamu ya vita, vile vya Kagera, ambavyo baba yangu alipigana akiwa kijana. Baba si msemaji. Katika maisha yangu yote ametuambia jambo moja tu kuhusu vita hivyo, kwamba maji ya ule mto yalikuwa baridi. Mengine yote niliyatunga.

Niliupeleka kwa watayarishaji wa filamu. Wengi hawakujibu. Mmoja alinipokea ofisini, akaupima mswada wangu kwa kiganja kama mtu anayekadiria uzito wa nyama, akasema, "Dada, vita ni vifaru. Vifaru utavitoa wapi? Kaandike mapenzi." Nilipofika mlangoni akaongeza, nadhani kwa utani, kwamba nchi hii ina mtu mmoja tu anayeweza kununua vita visivyo na vifaru, naye ni Bi Hawa wa Tukuyu.

Utani ule niliuchukua kama anwani. Nilikuwa nimekwisha kulisikia jina hilo. Bi Hawa ni miongoni mwa wale wanaosimama mbele ya mabanda ya video na kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, sauti zote wakizitoa wenyewe. Siku hizi alikuwa ameanza kutengeneza filamu zake. Nikafunga duka, nikapanda basi.

Dodoma hadi Uyole ni safari ya kutwa nzima. Tuliteremka hadi Mtera, maji yametanda kushoto na kulia na miti mikavu imesimama ndani yake, kisha tukapanda milima kwenda Iringa, na kuanzia Mafinga baridi ikaanza kupenya dirishani. Abiria mwenzangu, mzee wa makamo, aliuliza ninakwenda kufanya biashara gani huko Mbeya. Nilimwambia ninauza vita. Akanitazama, akasogeza begi lake upande wa pili.

Asubuhi, kutoka Uyole, barabara iliinuka kuuingia ukungu. Ulipofunguka niliona kitu ambacho mtu wa Dodoma hupaswa kuandaliwa kwanza kabla ya kuonyeshwa: kijani juu ya kijani, migomba hadi kwenye vizingiti vya nyumba, mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi, na Mlima Rungwe nyuma ya vyote umejifunika wingu. Sisi kwetu mti mmoja huitwa kivuli na watu hukutania hapo. Hapa hata nguzo za uzio zilikuwa zimechipua majani.

Tukuyu mjini niliingia na mvua. Niliulizia, nikaelekezwa Msasani, si ile ya Dar, kwenye duka dogo lenye picha za filamu ukutani. Mwanamke mnene mwenye miwani alikuwa ndani, amejitanda khanga mbili kwa baridi, akimwekea mteja filamu kwenye flashi.

"Shikamoo, Bi Hawa."

"Marahaba, mwanangu. Unataka muvi gani?"

"Nimeleta ya kwangu."

Niliuweka mswada juu ya kaunta. Aliufunua kurasa mbili tatu, akaufunga.

"Hii bado ni karatasi. Inahusu nini?"

"Vita vya Kagera. Askari wanavuka mto."

"Vifaru?"

"Havionekani."

Hapo ndipo aliponitazama sawasawa. "Sikiliza. Mimi macho nimeyachosha, lakini watu wangu wana masikio. Jumapili naenda kijijini Nkunga, wananisubiri. Nitawasimulia hii yako bila picha. Wakikaa mpaka mwisho, tutazungumza. Wakiondoka, basi utakuwa umekula ndizi zetu na umepumzika."

Jumamosi nzima nilikuwa jikoni kwake. Alimenya ndizi mbichi za kupika mbalaga, nami nikamsomea mswada kwa sauti. Alinieleza alivyoianza kazi hii. Marehemu mumewe aliuza nguo za mitumba, na dukani kulikuwa na televisheni ya kuvutia wateja. Akina mama wa mashambani walisimama kutazama filamu wasizozielewa, yeye akaanza kuwaeleza, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa kidogo alichojifunza sokoni. Baada ya muda walikuwa hawaji tena kwa ajili ya nguo.

Niliposoma, alinikatiza kila mara. "Huyu sajini analewa?" "Hapana." "Basi nitampa sauti ya puani." Kwa kila askari alitafuta sauti, akaijaribu, akaitupa, akatafuta nyingine. Bunduki alizitoa kwa kucha juu ya mfuniko wa sufuria alioufunga khanga, na mlio ulikuwa mzito na wa mbali hasa kama nilivyoutaka. Yona, askari mdogo kuliko wote, alimpa sauti nyembamba yenye kukwaruza kidogo. Nilisisimka. Miaka yote ile niliyoishi na watu hawa, sikuwa nimewahi kuwasikia.

Jumapili baada ya ibada tulifika Nkunga. Banda lilikuwa ghala la zamani la mazao, lenye mabenchi ya mbao. Watu waliingia na nguo zao za kanisani, wakikung'uta miavuli, wakisalimiana "Mwaghonile" kutoka benchi hadi benchi. Bi Hawa aliwaambia hakuna picha leo. Wakanung'unika. Vijana wawili waliinuka wakatoka. Mimi nilikaa nyuma kabisa.

Alianza polepole: kijiji, wito, lori, njia ndefu. Kisha mto. Hapo mvua ikamwagika juu ya mabati kwa kishindo ambacho kingezima sauti ya mtu yeyote. Nikajua imekwisha. Bi Hawa hakupaza sauti. Alinyamaza, akainua kidole juu, akaacha mvua ipige, ipige, mpaka kila mtu akawa anaisikiliza.

"Mnasikia?" akasema. "Huo ndio mto. Na wao wamo ndani yake."

Watu walikunja miguu yao juu ya mabenchi. Naapa waliikunja. Katika uandishi wangu wote sijaandika sentensi iliyofanya kitu kama kile.

Askari walivuka. Yona akapigwa mguuni. Sajini akamficha kwenye matete ng'ambo ya pili, akamwachia maji, akavuka tena na wenzake kupeleka habari. Vita vikaendelea, ushindi ukapatikana, na Bi Hawa akafika kwenye gwaride langu, bendera, tarumbeta, ukurasa niliouonea fahari kuliko zote. Mzee mmoja wa benchi la kati, waliyemwita Mzee Andulile, akasimama na kofia yake mkononi.

"Samahani, mama. Yule kijana mwenye mguu. Wanaludi lini kumchukua?"

Bi Hawa aligeuka kunitazama. Kisha akasema, "Swali hilo si langu. Mwandishi yuko pale nyuma. Simama, mwanangu, umjibu mzee."

Nilisimama. Kichwani nilipekua mswada wangu mbele na nyuma. Baada ya matete, Yona hakuwepo popote.

"Nilimsahau," nikasema.

Mama mmoja wa benchi la mbele, mwenye kilemba cha zambarau, aligeuka mzimamzima. "Umemsahau? Na mguu ule?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hawakunicheka. Walianza kutafuta namna ya kumtoa. Mmoja alisema wafuate mtumbwi. Mwingine akasema mtumbwi utaonekana, abebwe mgongoni. Mzee Andulile akasema matete yana wadudu, kidonda hakingojei, asikae pale muda mrefu. Waliongea Kiswahili, wakahamia Kinyakyusa, wakarudi. Mama wa kilemba aliuliza kama maji aliyoachiwa yanatosha. Bi Hawa alikuwa amekaa juu ya debe, mikono kifuani, anawatazama kama mtu anayeota moto.

Njiani kurudi Tukuyu nilimwambia, "Bi Hawa, nimeshindwa."

"Ungeshindwa wangeondoka. Hukuona? Mvua ilikatika zamani, na watu bado wamekaa wanamgombania mtoto wako." Akajifunga khanga vizuri. "Kamvushe mtu wao. Halafu tuongee bei."

Jumatatu na siku iliyofuata niliandika nikiwa Ibighi, nyumbani kwa mdogo wake Bi Hawa, kwenye meza iliyotazama migomba. Gwaride nilibaki nalo, ila sasa nafasi moja kwenye mstari ilikuwa tupu. Sajini ameondoka bila ruhusa. Amerudi mtoni peke yake. Anamkuta Yona si kwenye matete, bali kwenye kibanda cha mwanamke wa ng'ambo ile, asiyejua lugha yake, aliyemfunga kidonda kwa kipande cha nguo yake mwenyewe. Wanaume wale wawili hawajui namna ya kumshukuru. Kisha wanaingia majini. Nilipofika hapo ndipo nilipolitumia lile neno la pekee la baba yangu, kuhusu baridi.

Jioni nilimsomea Bi Hawa. Alisikiliza macho kafumba. Nilipomaliza aliniomba nirudie kuvuka. Nikarudia.

"Nanunua," akasema.

Bei haikuwa ile niliyokuwa nikiiota, lakini ilikuwa ya kwanza kutajwa na mtu yeyote, na tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mto atautumia wa Kiwira. Askari watakuwa vijana wa hapohapo. Vita vitapiganwa nyuma ya mashamba ya chai, visikike tu. "Vifaru," aliniambia, "niachie mimi na sufuria zangu."

Nikasema moyoni kwamba nimefika mbali kujifunza jambo dogo. Nilikuwa nimeandika vita kwa ajili ya watayarishaji, watu wanaohesabu gharama. Sikuwa nimewafikiria wale wanaokaa kwenye benchi, ambao mtu akiumia ukurasa wa ishirini wanaendelea kuwa na wasiwasi naye mpaka mwisho. Watu wa namna hiyo ni neema kwa mwandishi, na wamejaa tele wilayani Rungwe.

Siku ya kuondoka, stendi ya Tukuyu, nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye gari niliposikia dirisha linagongwa. Alikuwa yule mama wa benchi la mbele, leo bila kilemba, na mkungu wa ndizi kichwani.

"Dada, ulimvusha?"

"Nimemvusha, mama."

"Ndaga fijo," akashukuru, kama kwamba nimemfanyia yeye. "Na mguu?"

"Utapona. Ila atachechemea."

Alifikiri kidogo, mkono mmoja ukishika mkungu. "Kuchechemea si kitu. Migomba haikimbii."

Dereva alikuwa amewasha gari. Nilitoa kichwa nje nikamwuliza kama naweza kuyaweka maneno hayo kwenye filamu, mwishoni kabisa.

"Yaweke," akasema. Kisha akasogea karibu na dirisha, akashusha sauti. "Ila usiseme nimesema mimi. Mume wangu atajua nimemsema yeye."