Swichi ya Miguu Tisa

Mtaa mzima ulimwita Mkwaruzo, na jina hilo alilipata kwa kazi halali. Redio ikianza kukoroma, spika ikianza kutoa maneno kama mtu mwenye mafua, ilipelekwa kibandani kwake, ikarudi inaongea kiungwana. Kila mteja alipokewa kwa swali lilelile: "Umeangalia kama imechomekwa?" Wengine walinuna. Wengine walirudi nyumbani kimyakimya na redio zao, wakachomeka, mambo yakaisha.

Sasa sikieni vituko. Mtu huyohuyo, aliyeota mvi akiondoa mikwaruzo ya watu, alijifungia sebuleni kutengeneza kidude cha kuleta mkwaruzo. Pedali ya gitaa. Ukiikanyaga, gitaa linaacha adabu na kuanza kunguruma. Aliiunda ndani ya kopo la biskuti, akalipaka rangi nyeusi ili lisahau lilikotoka.

Chanzo kilikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mwimbaji na kiongozi wa bendi yao. Alikuwa amesema mbele ya wote: "Shem, gitaa lako linatubembeleza tulale. Jumamosi mazoezini nisikie kitu kipya. La sivyo, ile solo nampa Vidole." Vidole alikuwa mpiga kinanda, na kinanda chake kilikuwa na sauti za kila aina, hata ya gitaa. Hapo ndipo Mkwaruzo alipochomwa. Kunyang'anywa solo ni jambo moja; kunyang'anywa na gitaa la uongo ni jingine kabisa.

Basi Ijumaa akachomeka gitaa upande mmoja wa kopo, amplifaya upande wa pili, akakanyaga. Kimya. Akakanyaga tena, kuizima. Kimya. Taa ndogo nyekundu ikamkodolea jicho bila kuwaka.

Akabadilisha betri. Akabadilisha waya wa gitaa. Akang'oa kifaa kisicho na ubovu kwenye sakiti, akalehemu kingine kizima mahali pake, kisha akang'oa na cha jirani, kisije kikaona kimebaguliwa. Moshi ukajaa sebule, ukamfikia mkewe kwenye cherehani chumba cha pili.

"Baba, unachoma nini humo?"

"Natafuta ubovu."

"Unautafuta au unauongeza?"

Akaja, pini zimejaa kwenye ukosi wa gauni lake, akalitazama kopo lililokuwa limepasuliwa kama mgonjwa. "Hebu nieleze. Ukikanyaga inakuwaje?"

"Sauti inatoka kwenye gitaa, inaingia kwenye sakiti, inakwaruzwa, inakwenda kwenye amplifaya."

"Na usipokanyaga?"

"Inapita pembeni tu. Swichi inaivusha moja kwa moja. Haigusi sakiti hata kidogo."

"Na sasa hivi, usipokanyaga, inapita?"

"Haipiti."

"Sasa hiyo sakiti imekukosea nini, baba wa watu?"

Mkwaruzo akakirudisha mezani chuma cha kulehemia.

"Au hujaangalia kama imechomekwa?" mkewe akauliza, kwa upole wa kuua.

"Si nimechomeka!"

"Ndivyo wanavyosema wateja wako wote."

Akaiendea swichi kwa shingo upande. Ilikuwa na miguu tisa, mitatu mitatu kwa mistari mitatu, na kila mguu bapa kama ulimi. Akachukua mita, ile inayolia vyuma viwili vikikutana. Kwa mchoro wake, mguu wa katikati ulipaswa kuongea na wa juu au wa chini. Akagusa juu: kimya. Akabonyeza swichi, akagusa chini: kimya. Akagusa pembeni.

Piiii.

Akautazama mchoro, akalitazama kopo. Kwenye mchoro ndimi zimelala. Kwenye kopo zimesimama. Swichi ilikuwa imegeuzwa robo mzunguko, na kila waya ameulehemu kwa ustadi mkubwa mahali pasipo pake.

"Lakini pande zote zinafanana!" akalalamika.

"Hata kitambaa cha mraba pande zote zinafanana," mkewe akasema. "Mpaka ukivute ndipo ujue nyuzi zimelala vipi. Wewe umeshona kwanza." Akarudi kwenye cherehani. Akamwacha afumue.

Jumamosi, solo ilipofika, Mkwaruzo akakanyaga. Taa ikawaka. Gitaa likanguruma, madirisha yakaitikia. Vidole akaruka kutoka kwenye kiti chake, akazima amplifaya. "Spika imepasuka! Jamani, spika!"

"Haijapasuka. Ndivyo inavyotakiwa," akasema Mkwaruzo, na alipojisikia akitamka maneno hayo, mwenyewe akayaonea aibu. Angeyasema kibandani, angefukuza wateja wangapi?

Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho. "Vidole, washa. Shem, rudia." Akarudia. "Hiyo! Sasa umeamka. Solo yako."

Mkwaruzo akarudi nyumbani anapepea kwa furaha. Jumatatu hakuweza kuvumilia, akabeba pedali na gitaa hadi kibandani, akapiga mpaka akanogewa. Alipoinua macho, mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni, redio kwapani, anasikiliza ngurumo ile kwa masikitiko. Kisha akageuka.

Mkwaruzo akaikanyaga swichi haraka. Gitaa likatakata, safi kabisa.

"Mama, rudi! Nilikuwa naikwaruza makusudi!"

Yule mama akaongeza mwendo.