Mashahidi Wawili wa Mvua

Kanisani kwetu Matiri, wakati wa mavuno ya kahawa, watu husali kwa sikio moja. Sikio la pili liko kwenye bati. Tone la kwanza likigonga paa, nusu ya waumini husimama bila aibu, hata kama padri ameinua hostia, wakakimbilia makwao kufunika vichanja vya kuanikia kahawa. Kahawa iliyokwisha kumenywa na kuoshwa ikiloa tena pale juu ya kichanja, huvunda, na kazi ya mwaka mzima hushuka daraja. Padri ameshatuzoea. Siku moja alitangaza kwamba Mungu anasamehe lakini mnunuzi wa kahawa hasamehi, kwa hiyo hatuzuii, ila anaomba tusikanyagane mlangoni.

Mama yangu ndiye aliyekuwa akitoka wa kwanza. Alizaliwa Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa watu wanaovua na kuanika usipa, wale samaki wadogo wa kwetu. Akaolewa huku milimani kwa Wamatengo, na tangu alipoingia ukoo wa baba walimtania kwamba mtoto wa samaki atajulia wapi kahawa. Yeye akawajibu kwa kukishika kichanja peke yake, akageuza kahawa, akachambua mbovu, akafunika na kufunua. Katika miezi ya mavuno sikuwahi kumwona akipokea baraka ya mwisho. Jambo hilo lilinikera tangu utotoni. Wenzangu walikwenda chuo kikuu na ndoto zao. Mimi nilikwenda na kinyongo changu dhidi ya mvua.

Nilichaguliwa kusomea uhandisi wa mekatroniki. Kuieleza nyumbani ilikuwa mtihani mgumu kuliko mitihani yenyewe. Niliwaambia ni elimu ya kuunganisha vyuma, umeme na kompyuta ndogo, ili mashine iweze kuhisi jambo, kuamua na kutenda yenyewe. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kulala na njaa, alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akawatangazia majirani kwamba nasomea ufundi wa redio.

Chuoni nako nilipewa jina. Tukifundishwa mota, mimi huuliza kama inaweza kuvuta turubai lililolowa. Tukifundishwa betri, nauliza kama itavumilia baridi ya Matiri. Wenzangu wakaniita Mama Kichanja, nami sikukasirika, nikaliandika jina hilo kwenye sanduku langu la vifaa. Hesabu za mwaka wa pili zilinitoa jasho hadi nikatamani kurudi kulima. Lakini siku niliyoandika programu yangu ya kwanza, nikabonyeza, na mota ikazunguka kama nilivyoiagiza, nilicheka peke yangu maabara mpaka fundi wa zamu akaja kuangalia kuna nini.

Likizo ndefu ya kabla ya mwaka wa mwisho nilirudi nyumbani na mradi wangu. Mwalimu aliyekuwa akinisimamia aliukubali kwa sharti kwamba niujaribu pale utakapofanyia kazi, si kwenye meza ya maabara. Nilikuwa na mota ya waipa ya gari kutoka gereji moja ya Mbinga mjini, betri ya pikipiki, paneli ndogo ya sola, na mabomba mawili niliyoyalaza kandokando ya kichanja yawe reli ya turubai. Juu ya nguzo niliweka kihisi, kijibao kidogo kinachopitisha umeme kikilowa. Maji yakikigusa, mota inavuta turubai. Kikikauka, inalirudisha. Siku ya kwanza nilikinyunyizia maji kwa vidole, turubai likakimbia mpaka mwisho, na mama akashika mdomo kwa mshangao. Nikamwambia asiliguse tena, apumzike. Nikaondoka kwenda Mkumbi kwenye msiba wa ndugu, kichwa juu.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Wahenga hao hawakuwahi kulala Matiri. Kwetu mawingu hushuka asubuhi yakakaa uani kama wageni, yakalowesha nyasi, kamba za nguo na kope za watu, kisha yakaondoka bila kudondosha hata tone. Nimezaliwa ndani ya ukungu huo, nimeutembea kwenda shule, na bado nilipokuwa natengeneza mashine niliusahau kabisa, kwa sababu mahali nilipokuwa nasoma haukuwepo. Kihisi kililowa kwa ukungu, kikaita turubai. Juma lile ukungu uligoma kuondoka, turubai nalo likagoma kufunguka. Mama, mtu wa kutii agizo, hakuligusa. Alipoliinua hatimaye kwa sababu ya harufu, kahawa ya chini ilikuwa imeshaanza kuvunda.

Kwetu jambo kama hilo haliishii jikoni. Hupelekwa sengu. Zamani kila ukoo wa Wamatengo ulikuwa na sengu yake: nyumba zote za ukoo zinaleta chakula mahali pamoja, watu wanakula na mambo yanasemwa hapohapo. Kwa wengi imekufa, lakini kwetu bado Jumapili tunakula kwa baba mkubwa, kaka wa baba, na hakuna anayeondoka kabla maneno hayajaisha. Jumapili ile kulikuwa na kesi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mbuzi wa binamu yangu, ambaye shangazi alidai amekula maharage yake. Baba mkubwa akauliza swali lake lilelile ambalo huuliza kila mara:

"Wewe umeona. Nani mwingine ameona, aliyekuwa upande mwingine?"

Hakupatikana. Mbuzi akaachiwa, shangazi akanuna, na kwa bahati mbaya kesi iliyofuata ilikuwa yangu. Mashahidi dhidi yangu walikuwa wengi, kila mmoja amenusa. Shangazi akasema redio yangu imewapikia kahawa, na watu wakacheka. Hukumu ikatoka: mashine iondolewe, isiguse tena kahawa ya ukoo mpaka ijue tofauti ya ukungu na mvua. Hukumu sikuilalamikia, ilikuwa ya haki. Kilichoniuma ni kwamba mama hakusema neno. Aliangalia ugali wake tu, na nikajua kwamba msimu ule utani wa mtoto wa samaki umepata kuni mpya, na kuni hizo nimezileta mimi.

Niliing'oa mashine kwa hasira, nikapanda nayo gari la kushuka ziwani, kwa bibi mzaa mama. Kwa bibi mjukuu hakosei. Nilimwamkia shikamoo, nikamwomba chanja moja ya usipa, akanipa iliyo nzuri kuliko zote. Njiani nilikuwa nimeshapata wazo jipya. Sisi watu hatuijui mvua kwa kulowa, tunaijua kwa sauti yake juu ya bati. Basi nikakitupa kile kijibao kwenye sanduku, nikafunga kipande cha bati juu ya nguzo na kukibandika chini yake kidude kinachohisi mtikisiko. Bati likigongwa, turubai linakwenda.

Mchana mwera ukaamka. Huo ni upepo wa kusini unaovuruga ziwa na kufanya wavuvi wavute mitumbwi yao juu. Ulilitikisa bati langu, turubai likakimbia kufunika samaki chini ya jua kali. Ukatulia, likarudi. Kisha kunguru akatua juu ya bati akitafuta pa kuibia, turubai likakimbia tena. Mchana kutwa lilikuwa njiani, huku na huku, mpaka wanawake wa ufukwe mzima wakaacha kugeuza usipa wao wakaja kutazama. Walicheka kwa Kinyasa na kwa Kimpoto, lugha za pale ufukweni. Bibi alitazama kwa makini sana, kisha akasema kwa upole:

"Mjukuu wangu, mashine yako ni nzuri. Ina woga tu."

Nikaenda kukaa mchangani, mbali na watu. Nilikuwa na hasira na upepo, na kunguru, na ukungu, na shangazi, na mtu aliyeniambia mekatroniki ina ajira. Nikaanza kuwashtaki wote kichwani, mmoja mmoja, kama tulivyo sengu. Ukungu, wewe umelowesha kijibao. Kweli, ulilowesha, lakini je, uligonga bati? Haukugonga. Mwera, wewe umegonga bati. Kweli, lakini je, ulilowesha? Haukulowesha. Kunguru naye vivyo hivyo, aligonga na miguu yake mikavu. Ndipo nikaisikia sauti ya baba mkubwa waziwazi, na mdomo umejaa ugali: nani mwingine ameona, aliyekuwa upande mwingine?

Niliruka kama niliyeumwa na siafu. Katika wote hao, mvua peke yake ndiyo inayogonga na kulowesha kwa wakati mmoja. Nimekaa sengu tangu nilipoweza kushika tonge, na nimetengeneza mashine inayohukumu kwa shahidi mmoja, kosa ambalo kwetu hata mbuzi hafanyiwi. Nilikitoa kijibao kwenye sanduku nikakirudisha juu ya nguzo, kando ya bati. Nikabadilisha programu: hakuna anayeamua peke yake. Kimoja kikishuhudia, subiri. Viwili vikishuhudia, funika. Jioni ile mwera uliendelea kupiga, kunguru waliendelea kutua, na turubai halikusogea hata inchi moja. Nilimkumbatia bibi hadi kilemba chake kikaanguka.

Mwaka wa mwisho nilikuwa naamka na mashine na kulala nayo. Niliifundisha manyunyu, ambayo hugonga kidogo sana, na umande, ambao haugongi kabisa. Siku ya kuutetea mradi nilivaa suti ya kuazima, nikaisimamisha mashine mbele ya watahini. Mmoja wao, mzee mwenye sauti nzito aliyejulikana kwa kuliza wanafunzi, hakutaka maelezo. Alifungua chupa yake ya maji, akayamwaga yote juu ya kijibao. Turubai halikusogea. Akaangalia wenzake, akachukua kalamu.

"Imeshindwa," akasema.

"Hapana, profesa," nikasema, na nikashangaa jinsi sauti yangu ilivyokuwa imetulia. "Hiyo si mvua. Hayo ni maji."

Akaweka kalamu chini, akaligonga bati kwa ufunguo. Kijibao nilikuwa nimeshakifuta, kwa hiyo turubai lilikaa vilevile. Nikamkabidhi keni ya kumwagilia bustani niliyokuwa nimekuja nayo, nikamwomba anyeshe. Aliinyanyua juu, matone yakaanza kupiga bati na kulowesha kijibao, na kabla hajashusha mkono turubai lilikuwa limefika mwisho wa reli. Aliweka keni chini, akataka arudie. Akarudia tena na tena, kama mtoto aliyepata filimbi. Mwisho akaniuliza njia hiyo ya kuamua nimeitoa kitabu gani. Nikamjibu kwamba kwetu tunaiita sengu, na nikamweleza habari za mbuzi na maharage. Nilifaulu kwa alama ambazo sikuthubutu kuziota. Nilijivunia, na sioni haya kusema hivyo.

Lakini alama za chuo hazifuniki kahawa. Nilirudi Matiri mavuno yakiwa yamekolea, nikaomba nafasi sengu. Niliwaeleza kila kitu, nikaimwagia mashine maji, nikaigonga, nikainyeshea. Baba mkubwa alipoelewa kwamba mashine inauliza swali lake, alijikohoza kuficha furaha. Nikarudishiwa kichanja. Asubuhi za ukungu nilimwona mama akitoka kwenda kuhakikisha kahawa iko wazi, akaipapasa, akarudi ndani kimya.

Ikaja Jumapili yenyewe. Padri alikuwa katikati ya mahubiri tone lilipogonga bati la kanisa. Moja, halafu mengi. Benchi zikalia, watu wakasimama, shangazi akavuta kanga kichwani akapita mbele yetu kama gari la wagonjwa. Mikono ya mama ilishika benchi la mbele, kama ilivyofanya maisha yangu yote, na mwili wake ukainuka nusu. Baba alishasimama.

Mama akakaa. Akamvuta baba kwa koti.

"Kaa," akamwambia. "Mtoto amefunika."

Nililia palepale, mbele ya sanamu ya Bikira Maria, bila kujifuta. Padri aliona familia moja imebaki mbele, akapoteza mstari wake, akaanza tena. Tulikaa mpaka mwisho. Baraka ilipotolewa mama alipiga ishara ya msalaba polepole sana, mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Tulirudi nyumbani tukitembea, mvua ikitunyeshea, baba akichungulia mbele kila hatua na mama akimkataza. Uani tulimkuta shangazi. Alikuwa amefunika kichanja chake kwanza, kimelowa kabla hajafika, ndipo akaja mbio kuokoa cha kwetu, akakuta turubai limeshafika mwisho wa reli. Alikuwa amesimama pale, kanga imegandamana na mwili, hana la kufanya. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, akaitazama mashine, kisha akanitazama mimi.

"Na mimi nifungie hiyo redio," akasema.

Nilitaka kujibu, lakini mama alinitangulia.

"Wifi, subiri zamu yako," akasema, akikung'uta maji kwenye kitenge chake. "Kwanza tunashuka Mbaha. Kuna samaki wa kufunikwa."