Daktari wa Mbwa na Mguu Wangu

Hili mtasema naongopa kama kawaida yangu, lakini daktari wetu wa mbwa humsalimia mgonjwa kwanza, mwenye mbwa baadaye. Huinua mdomo kwa kidole kinachonukia sabuni, hubonyeza ufizi, kisha hutulia akisubiri damu irudi. Kwa kijibwa changu alisubiri sana. Ufizi ulibaki mweupe kama chaki.

“Safura hii, minyoo inamnyonya damu. Dawa ya minyoo anapewa?”

Nikauficha mguu unaoniwasha, wenye mistari myekundu iliyojipinda, nyuma ya mwenzake, nikatunisha kifua. “Kila mwezi, daktari! Na uani kwangu ni kusafi kuliko hospitali, mjukuu wangu anatambaa pale kutwa na wala hajawahi—”

“Mjomba,” akasema taratibu, kama asiyetaka kijibwa kisikie, “hiyo mistari mguuni mwako ni minyoo ya huyu mbwa, imekuingia ngozini ulipoikanyaga huko uani. Mtoto anajikuna wapi?”