Noti Niliyoambiwa Niitunze

Mashoga zangu, mwenzenu nimeaibika Harrow nzima hapa London, na bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watia chumvi. Ugonjwa wangu mnaujua, noti kuukuu za Marekani, zile za kabla hawajajitawala (na wao walikuwa na shilingi kama sisi, msicheke), na moja ya New Jersey nimeitafuta miaka, nyuma ina chapa ya jani la mti na onyo kwamba mwenye kughushi atauawa. Jumamosi ile nikaipata mnadani, nikampigia mume wangu simu papo hapo, naye akanambia neno moja tu, "Itunze!"

Ningerudi kwanza nyumbani Rayners Lane kuiweka, yangekwisha. Lakini nilishachelewa harusi ya mtoto wa wifi yangu, sherehe ya wanawake, tena na taarab, nikaona aa, nipitilize, na kwa kuwa bahasha yake ngumu haikuingia kwenye kipochi changu cha harusi, nikaitoa nikaibana katikati ya noti za pauni tano za kumtunza mwimbaji, isikunjike (akili hiyo!).

Basi Bi Mwanakheri, mwimbaji, akafika kwenye ubeti unaomsema jirani yangu mmoja ambaye hatupikiki chungu kimoja, naye yupo, kakaa meza ya mbele, mwenzenu ningekaaje? Nikainuka nikicheza mabega, nikamtunza Bi Mwanakheri noti moja kifuani, nikamtunza nyingine, na vidole vikanambia kabisa kwamba hii moja si ya plastiki kama pauni, ni karatasi nene, lakini macho yalikuwa kwa jirani.

Muziki ukakatika.

"Salma," Bi Mwanakheri akasema kwenye maikrofoni, kaiinua juu, "shilingi kumi na nane? Wenzio wananitunza pauni!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikapanda jukwaani viatu mkononi.

"Nirudishie, bibi, hiyo si ya kutunza!"

Hapo ndipo nilipoharibu zaidi, maana kwetu mtu akishamtunza mwimbaji hadai. Wifi akanivuta buibui, "Shuka, unatutia aibu!" Bibi harusi (mzaliwa wa hapa) akalisoma lile onyo la kughushi, akapiga ukelele, "Auntie, is it fake?"

Nikasema sishuki. Sikuitafuta miaka yote ile iishie kifuani mwa mtu.

"Basi ikomboe," akasema Bi Mwanakheri. "Imba."

Sauti yangu mnaijua. Niliimba, ubeti mzima na kiitikio chake, jirani yangu anafuta machozi ya kicheko, akaja na kunitunza pauni tano, nikaipokea (jasho langu hilo).

Noti nikapewa, inanukia udi, na rangi ya mdomo imegusa jani. Nimeapa, kwenye taarab sitoi tena noti nisiyoitazama kwanza.

Nyumbani mume wangu akanifungulia mlango kwa hamu.

"Umeitunza?"

"Nimeitunza, baba," nikamwambia. "Waulize Harrow."